Injinia wa Kanisani

Kanisani kwetu Alief, mtaa wa Houston, wananiita Injinia. Jamani, sijawahi kuwaambia kwamba mtihani wa leseni ya uinjinia wa ujenzi umeniangusha mara mbili.

Basi Njeri, binti wa kwaya aliyemaliza chuo juzi, akaniuliza asome wapi tuition ya mtihani huohuo. Nikaogopa atanikuta kwenye darasa ninalosoma mimi hapa Houston. Kwa ujinga wangu nikamwambia, "Nenda ile ya Richardson, kule karibu na Dallas. Hii ya hapa ni ya waliofeli."

Jumamosi nimekaa mbele kabisa, kikokotoo mkononi, mlango ukafunguka. Njeri! Eti mama yake amemkataza ku-drive masaa manne kwenda na manne kurudi kila wiki.

Akaniona, akapaza ile sauti yake ya kwaya: "Ai, Injinia! Kumbe na wewe ulifeli?"