Mama Upepo na Tangi la Amonia

Kiwandani walimwita Mama Upepo, maana kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu, alikitazama kwanza kitambaa chekundu kilichopepea juu ya mlingoti. Alikuwa fundi wa mabomba katika kiwanda cha mbolea, na tangi la amonia, gesi kali inayoweza kuua, lilikuwa mikononi mwake.

Meneja alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka. "Mazoezi ya king'ora mara nne kwa mwaka, mama? Tutageuka bendi!"

"Heri tuwe bendi, bosi, kuliko kutawanyika kama kuku."

Siku ya mazoezi king'ora kilipolia, meneja alitimua mbio hadi langoni, kulekule ambako upepo ungeipeleka gesi. Mama Upepo akachukua chaki akaandika ubaoni: "Marehemu wa kwanza: bosi." Watu walivunjika mbavu. Meneja naye alicheka mpaka machozi, na wiki hiyohiyo akasaini ombi la barakoa mpya za gesi.

Mama mkwe wa Mama Upepo aliishi mtaa wa nyuma ya kiwanda. "Mwanangu, kwa magoti haya nitakimbilia wapi?"

"Hukimbii, mama. Ukisikia king'ora, tazama moshi wa jikoni unalala upande gani, halafu ukate pembeni, utoke kwenye njia yake."

Bibi yule alilishika somo hilo, akawafundisha majirani wote, watake wasitake.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, lori lilileta amonia. Dereva alilalamika kwamba barakoa inamtoa jasho. "Basi sifungui valvu," Mama Upepo akamwambia. Dereva akaivaa huku ananuna. Hazikupita dakika kumi, mpira wa kupitishia amonia kutoka kwenye lori ukapasuka kwenye maungio, wingu jeupe likafoka. Mama Upepo alifunga valvu ya dharura, mwenzake akabonyeza king'ora, wengine wakalipiga wingu kwa maji hadi likafifia.

Alipohakikisha pametulia, alikimbilia mtaani, roho mkononi. Milango imefungwa, hakuna mtu. Aliwakuta majirani uwanja wa mpira, upande usiofikiwa na harufu, na mama mkwe katikati yao akiwahesabu kwa kidole.

"Arobaini na mmoja na mbuzi wawili," bibi alisema. "Mbona umechelewa?"

Mama Upepo akajiangusha kwenye nyasi, akacheka kama aliyetekenywa. Dereva alifika nyuma yake, barakoa bado usoni. Walimbembeleza weee, hakutaka kuivua.