Povu la Karibu na Ngazi

Kwa miaka hii ya karibuni kazi yangu imekuwa kupanda mapaa ya watu wengine na kuyakata kwa kisu. Nikisema hivyo mezani watu hucheka, kwa hiyo nimejifunza kueleza kwa mpangilio. Bati la Turkana hushika moto kiasi kwamba darasa halikaliki baada ya saa sita mchana. Dawa iliyoletwa na miradi ni povu linalopulizwa juu ya bati kwa bunduki iliyofungwa mipira miwili inayotoka kwenye mapipa mawili. Vimiminika vya mapipa hayo hukutana mdomoni mwa bunduki, hutua juu ya bati vikiwa majimaji, na kabla hujahesabu hadi kumi vimefura na kugeuka povu gumu, jepesi, lenye unene wa kiganja. Wafanyakazi waliliita mandazi. Juu yake hupakwa rangi nyeupe, maana povu likiachwa uchi siku chache jua hulila, likawa unga wa rangi ya chungwa unaobaki mikononi.

Mimi ni mkaguzi. Si injinia, ingawa Turkana kila mwenye kofia ya plastiki huitwa injinia, na niliacha kuwasahihisha watu tangu mwaka wa kwanza. Nikiwa Lodwar nililala kwenye nyumba ya wageni ya Nawoitorong. Nikiwa Kakuma nililala popote penye feni. Ukaguzi wenyewe ni mfupi: unapanda, unakata kipande cha povu kutoka juu mpaka kwenye bati, unakitazama ubavuni, unapima unene, unakipiga picha, unaziba tundu, unashuka, unatia sahihi. Nilikuwa nimeshatia sahihi mapaa manne kwa njia hiyo, mawili Lodwar, moja Kalobeyei na moja zahanati ya Kataboi, nilipofika kwenye wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya huko Kakuma.

Wodi hiyo ilikuwa imefungwa kwa ajili ya kazi ya paa. Kina mama walikuwa wakijifungulia kwenye hema lililosimamishwa uani, hema jeupe la turubai lenye vitanda vinne. Muuguzi mkuu, mama wa Kiturkana wa makamo ambaye kila mtu alimwita sista, alinipeleka humo siku yangu ya kwanza kabla sijaweka mkoba chini. Ilikuwa saa saba mchana. Alinisalimu, ejok, nikaitika, kisha akaniambia nikae pale kwenye kiti dakika tano tu. Nilikaa tatu. Aliniangalia nikisimama, akasema mama akishikwa na uchungu hana ruhusa ya kusimama.

Mkataba ulisema siku thelathini. Mkandarasi alitoka Kitale, mtu mchangamfu, mnene kiasi, mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Hakuwa mwizi, na nalisema hilo mapema kwa sababu wasomaji wa habari za ujenzi hutafuta mwizi kwanza. Alikuwa na mashine nzuri, mapipa hayajapita muda wake, na fundi mmoja tu Kakuma nzima aliyejua kuishika ile bunduki.

Fundi huyo alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, zamani akipaka magari rangi, mrefu, mpole, anayeimba kwaya Jumapili. Aliniita papa, yaani baba, ijapokuwa tulikaribiana umri. Siku ileile ya kwanza aliniambia, akionyesha hema kwa kidevu, kwamba bibi yake alikuwa na mimba ya miezi saba na angejifungulia hapahapa. Alisema kama mtu anayekutajia kimo cha mlango anaoutengeneza. Alikuwa akipuliza paa ambalo mkewe angelala chini yake.

Sasa niseme juu ya upepo, kwa sababu kila kitu kiligeukia hapo. Kule upepo huanza alfajiri na kuvuma kwa nguvu asubuhi nzima, umebeba mchanga laini unaoingia hata kwenye mswaki. Hutulia karibu saa nne. Kufikia saa tano bati linakuwa limeshika moto, na povu likitua juu ya bati la namna hiyo hufura haraka kupita kiasi, likatokeza malengelenge. Ukipuliza asubuhi, mchanga unaingia kati ya tabaka na tabaka. Ukipuliza mchana, malengelenge. Katikati ipo saa moja, pengine saa moja na robo, ambayo Mungu amewaachia mafundi wa mapaa. Waliouandika mkataba huko Nairobi walihesabu saa nane za kazi kwa siku.

Nilimuuliza mkandarasi anafanyaje. Alicheka. "Injinia, hapa jua ndio bosi, upepo ndio naibu. Sisi tunaomba tu ruhusa."

Siku ya kukabidhi ilipofika niliendesha kutoka Lodwar mapema. Sista alikuwa ameshaosha vitanda na kuvipanga nje kwenye kivuli cha ukuta, na ufunguo wa wodi ulining'inia shingoni mwake kwa kamba. Mkandarasi alikuwa kwenye simu ndani ya gari lake. Upepo ulikuwa bado unavuma, kwa hiyo mimi na fundi tukaketi upande wa pili wa jengo, migongo ukutani, tukisubiri utulie. Nilimuuliza habari za nyumbani, akasema mama yuko, tumbo limeshuka. Alikuwa akikwangua povu kavu kwenye kucha zake, moja baada ya nyingine.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Papa, leo usikate karibu ya ngazi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ba-inspecteur bote banakataka karibu ya ngazi. Siye bote tunajua. Pale tunapulizaka muzuri, pole pole. Tunapaitaka shamba la injinia." Alitabasamu kidogo, kwa aibu, kama anayemfunulia mtu jina lake la utani. "Kule mbali hakuna mutu anafikaka."

Alisema kweli tupu. Soli za viatu huungua juu ya mapaa yale, povu jipya halipendi kukanyagwa, na mtu aliyeendesha saa mbili kwenye vumbi hukata pale ngazi ilipomfikisha. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo, na nadhani hakuna aliyewafundisha wao kupuliza vizuri pale. Tulielewana tu, mimi nao, bila kuzungumza. Mapaa manne.

Nikamuuliza nikate wapi.

"Enda mwisho kabisa. Juu ya chumba ya kuzalia." Akaeleza kwamba wiki iliyopita siku zilikuwa zimebaki chache, patron, yaani mkandarasi, akasema wapulize tangu saa moja asubuhi, upepo ukiwepo. Yeye alikataa mara mbili. Mara ya tatu alipuliza. "Ni mimi nilishika bunduki," akasema. "Si mutu mwingine."

Nilimkumbusha kwamba nikikuta ubaya, wodi haitafunguliwa. Akasema anajua kuhesabu miezi.

Upepo ulipotulia nilipanda. Nilikata kwanza karibu na ngazi, kwa ajili ya picha na kwa ajili ya fahari yangu: kipande safi, chembe ndogo ndogo zilizofanana, kama mkate uliookwa na mtu mwenye subira. Kisha nikatembea hadi mwisho wa paa, mguu mmoja juu ya ubao wa kukanyagia, mwingine juu ya ubao uliofuata. Hapo nilikata mara tatu. Kila kipande kilikuwa na mstari wa kahawia wa mchanga katikati, mwembamba kama ule unaoachwa na chai ndani ya kikombe. Nilikishika kipande cha kwanza kwa vidole viwili, nikasukuma. Kilifunguka kwenye mstari kama kitabu.

Maana yake ni rahisi. Upepo mmoja mkali ungeingia chini ya tabaka la juu na kulibeba, rangi na vyote. Mvua ikija baadaye ingekuta njia.

Sista alinisubiri chini ya ngazi. Nilimweleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea, nikamwonyesha kipande. Alikishika, akakifungua, akakifunga.

"Itaanguka lini?"

Nikamwambia siwezi kujua. Pengine mwaka huu, pengine mwakani.

"Mimi ninazalisha leo," akasema. "Na kesho. Wewe mtu ya kisu, unaniambia habari ya mwakani." Hakupandisha sauti. "Weka sahihi. Ikianguka nitaita wewe, urudi utengeneze."

Nimewahi kubishana na wakandarasi wengi na sikumbuki hata nusu ya waliyosema. Haya nayakumbuka yote. Nilijua ikianguka hatapatikana wa kuitwa. Mradi utakuwa umefungwa, mkandarasi atakuwa Kitale, mimi sijui wapi, na sista atakuwa na paa lililochunika juu ya kitanda cha kuzalia na hema limeshapelekwa kwingine. Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita wahudumu wawili warudishe vitanda ndani ya hema.

Niliandika hapana kwenye fomu. Mkandarasi alivua miwani kwa mara ya kwanza, akaniuliza nani ameniambia niende kule mwisho. Nikasema nimechoka kukata mahali pamoja. Alinitazama sana. Sidhani kama aliamini, lakini bunduki ilikuwa na mshikaji mmoja tu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kubandua. Walichuna povu kwa sepeto upande wote ule, na licha ya magunia, vipande vilipeperuka hadi sokoni. Mbuzi walivitafuna. Wenye mbuzi walikuja kituoni kulalamika, mkandarasi akawatuma kwangu, nami nikawasikiliza wote. Katikati ya hayo nilirudi kwenye yale mapaa manne na kukata mbali na ngazi. Mawili yalikuwa mazima. Lile la Kataboi na moja la Lodwar yalikuwa na mstari. Niliandika barua ofisini kwetu nikieleza kosa langu. Jibu lilikuwa la heshima na lilisema faili hizo zimefungwa. Nikaandika ya pili. Hiyo haijajibiwa.

Wodini tulibadilisha utaratibu, na ulibadilika kwa sababu mkandarasi mwenyewe, baada ya hasira kumtoka, alitaka amalize na aondoke. Kipimajoto kiliwekwa juu ya bati, na fundi akapewa neno la mwisho: akisema bado, ni bado, akisema basi, mashine inazimwa. Muda wote wa kazi kwa siku ulikuwa ile saa moja. Mkandarasi alikaa kivulini saa zilizobaki akiitazama mashine yake kama mtu aliyenunua ngamia wa kufunga mlangoni. Na mahali pa kukata hapakuchaguliwa tena na mimi. Mlinzi wa kituo aliligeuzia paa mgongo, akarusha jiwe juu ya bega, nami nikakata lilipotua. Mafundi walimcheka mara ya kwanza, wakamwambia arushe karibu, mzee ana miguu mibovu, wakimaanisha mimi. Mara ya tatu walikuwa wamenyamaza wakisikiliza jiwe linaangukia wapi.

Sista hakunisemesha muda wote huo. Alipita na beseni, na kanga zilizoloweshwa maji za kutundika ndani ya hema, akanipita kama nguzo. Sikumlaumu. Jirani yetu kazini, msafirishaji Msomali aliyeleta mapipa, alinishauri nimpelekee sukari. Sikupeleka. Ingekuwa kama kumhonga anisamehe.

Asubuhi moja nilifika upepo ukiwa umeanza kutulia. Fundi alikuwa tayari juu ya paa, amevaa ovaroli, barakoa ikiwa shingoni, amechuchumaa karibu na kipimajoto. Paa lilikuwa limebakiza kipande kidogo, hatua sita au saba, juu ya chumba cha kuzalia. Nilipanda nikamsalimu, nikauliza habari za nyumbani.

"Bibi alizala juzi," akasema. "Mutoto mwanamuke."

Nikampa hongera. Nikamuuliza wapi, ingawa nilijua.

"Mu tenti. Saa saba ya muchana."

Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Nikauliza kama wako salama.

"Beko bazima. Sista aliwamwangia maji mpaka jioni, yeye mwenyewe." Akainama, akasoma kipimajoto, akainua kidole kupima upepo. "Papa, sogea. Bado tuko na dakika makumi ine."

Nilisogea hadi kwenye ubao wa pembeni. Akavuta barakoa, akapiga ishara kwa mtu wa mashine, na akaanza kupuliza, pole pole, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika chache, naye hakuzitumia. Wodi ilifunguliwa siku tano baadaye, rangi ilipokauka, na mwanamke wa kwanza kulazwa humo alitoka Kalobeyei. Sikumjua, wala fundi hakumjua.