Kusalimia Mbavu za Baba

Nilipoanza kusoma picha za kifua, hakuna mtu aliyetoka mikononi mwangu akiwa na afya. Nilikuwa afisa wa kliniki mwanagenzi katika hospitali moja upande wa Mutomo, na kila filamu niliyoipachika kwenye sanduku la taa ilinionyesha maradhi. Moyo ulikuwa mpana, pafu lilikuwa na maji, ubavu ulikuwa na ufa. Nikiambiwa mwenye picha hana ugonjwa, amekuja kupimwa tu kwa sababu anaajiriwa, nilimhurumia zaidi. Maskini, hajui.

Daktari aliyetufundisha alikuwa mama wa Makueni, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Wiki ya kwanza nilimwonyesha, kwa fahari, kivuli juu ya pafu la mwimbaji mmoja wa kwaya. Nilikuwa nimeshampangia dawa za kifua kikuu za miezi sita. Daktari aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akafungua mlango na kumchungulia mwimbaji aliyeketi kwenye benchi.

"Kuja uone TB yako," akaniita. "Iko na rangi ya maroon."

Ulikuwa msuko. Yule dada alikuwa amesukwa rasta nene za kushuka mabegani, hakuna aliyemwambia azifunge juu, na mashine ya eksirei haina adabu, hupiga chochote inachokikuta mbele yake.

"Shida yako si macho," daktari aliniambia. "Wewe huna heshima. Ukiingia kwa boma ya watu, unauliza bei ya ng'ombe kabla hujasalimia?"

"Hapana, daktari."

"Basi hata hapa salimia. Mapafu ndio mwenye boma. Anza na wale wengine."

Nilimwelewa mara moja, kwa maana kwetu Ukambani salamu si mchezo. Mtu akija kukuambia nyumba yako inaungua, ataanza na nuvoo, nawe uitikie nuvoo, aulize mvua, aulize mbuzi na watoto, ndipo moto utajwe kama jambo alilolikumbuka akiaga. Nikaanza kuzisalimia picha. Jina kwanza, kisha upande wa kulia na wa kushoto, bomba la hewa, mitulinga, ubavu mmoja mmoja, moyo, na mapafu mwisho kabisa. Wenzangu walinicheka, lakini wagonjwa wangu walianza kupona kwa wingi.

Ndipo baba akaja kutoka Nuu. Alikuwa akikohoa tangu mavuno ya ndengu. Alipigwa picha huko Mwingi akaondoka nayo kabla haijasomwa, kwa sababu, alisema, nyumba yenye mwalimu haiendi kusomewa barua kwa jirani. Si kwamba haikuwa imesomwa hata kidogo. Nuu nzima ilikuwa imeiinua juani. Jirani aliona malaria. Shemasi alihesabu mbavu, akakuta zote zipo, akamshukuru Mungu. Mzee wa kamati ya kisima alisema kwamba picha imetoka vizuri.

Nikaipachika. Baba alikaa kwenye stuli nyuma yangu, kofia mapajani. Nilimweleza kwamba picha husalimiwa kwanza, naye akafurahi sana, akaona karo yake haikupotea bure.

Jina lilikuwa lake. Upande ulikuwa sawa. Bomba la hewa lilikuwa limenyooka.

"Huu ubavu uliwahi kuvunjika," nikasema.

"Ni ile fahali nilipelekea babu yako nikioa mama yako. Ilinipiga teke njiani. Nikafika nikinyamaza, nisionekane mnyonge."

Miaka yote hiyo sikuwahi kujua. Nikausifu ubavu jinsi ulivyounga. Nikausifu moyo. Lakini macho yangu yalikuwa yameshanitangulia bila ruhusa, yakaona weupe juu ya pafu la kulia, na ndani ya ule weupe, tundu.

Nikarudi kwenye mbavu, nikazisalimia upya, upande wa kushoto safari hii. Yule aliyewagundua wagonjwa wote wa Mutomo sasa alijitahidi kwa nguvu zote asione kitu. Kisha nikageuka kumwangalia baba, na nilijua kabisa ninachokitafuta. Nilikuwa natafuta msuko kwenye kichwa ambacho kina upara tangu nizaliwe.

Niliogopa. Kaka mkubwa wa baba alikohoa hivyo hivyo nyumbani, kikombe chake kikiwekwa peke yake, na kila aliyekuja kumjulia hali aliuliza mvua, akauliza mbuzi, akaenda zake. Mimi pia nilikuwa miongoni mwao, mtoto mwenye adabu nzuri.

Mambo mazito baba huyasema kwa Kiswahili, kana kwamba Kikamba kikiyasikia kitayapeleka Nuu.

"Kijana yangu," akasema. "Umesalimia kila mtu mpaka mbwa. Sasa sema kile kimekuleta."

Nikasema. Nilimwambia kuna kidonda juu ya pafu la kulia, na kina tundu. Nikamwambia inaonekana ni TB, tupime makohozi leo hii tuhakikishe, na kama ndiyo, dawa ipo na watu wanapona. Baba alisikiliza huku akiigeuzageuza kofia, kisha akaivaa, akasimama na kuuliza makohozi yanapimwa mlango gani.

Nikamwonyesha. Alipofika kizingitini akasita, bila kugeuka.

"Yule kaka yangu mkubwa," akasema, "sisi tulimsalimia tu, mpaka tukamzika."