Majilio Kwenye Palizi

Swali moja lilininyima usingizi: je, ni vibaya kuimba nyimbo za Majilio shambani? Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikarudi Kilungu kufundisha kwaya, lakini kanisani hakuja mtu. Mvua ilikuwa imenyesha, na akina mama walikuwa kwenye mwethya, wakipaliliana mashamba kwa zamu.

Nilipokwenda kuwaita, mama yangu alinidhihaki: "Mwalimu, si unasema Bwana anakuja? Unataka akute magugu?"

Wenzake walicheka hadi wakaegemea majembe. Niliwaza mchungaji angesema nini, nikawaza na jibu langu. Kisha nikavua viatu, nikashika jembe, nikaanzisha wimbo. Waliupokea mpaka kilima cha pili kikaitika.