Nusu Kichwa

Ukimwambia msusi huyu kwamba yaliyopita si ndwele, atakujibu kwamba aliyesema hivyo hakuwahi kuachwa na nusu kichwa.

Enzi za usichana wake, saluni zilikuwa za wake wa wakubwa. Wasichana walisukana wenyewe kwa zamu barazani, mmoja kwenye kigoda, mwenzake chini katikati ya magoti. Mwenye haraka alisukwa twende kilioni. Mwenye mambo yake alisukwa mnara: nywele zinazungushiwa uzi mweusi fungu kwa fungu mpaka zisimame, kisha ncha zinaunganishwa utosini. Ulikula nusu siku, na machozi juu, maana ukitaka uzuri sharti udhurike. Lakini ukipita nao barabarani, hata wenye baiskeli walisahau breki.

Siku ya dansi kubwa, yeye ndiye aliyeanza kumsuka shoga yake, waliyemwita Shingo kwa jinsi alivyojaliwa hapo. Akamsuka, akammaliza. Zamu ilipogeuka, Shingo alisuka upande mmoja, akasema uzi umekwisha, anakimbia dukani mara moja. Hakurudi. Msusi alishinda ndani, upande mnara, upande kichaka, na fundi redio aliyeahidi kumposa akacheza na Shingo mpaka muziki ukazimwa. Mwishowe wakaoana.

Msusi alizikata nywele zake zote kwa mkasi. Hakumpa tena mtu kichwa chake; aligeukia vichwa vya wenzake, navyo vikamlisha, vikamjengea hata saluni. Kusamehe hakusamehe, wala hakujifanya amesamehe.

Juzi asubuhi Shingo akaingia, mvi tele, shingo bado ile ile. Akauvua mtandio wake kichwani, akautundika msumarini mlangoni. Jioni hiyo binti yake alikuwa anavishwa pete, naye mama mtu alitaka mnara wa enzi zao. Mume wake, alisema, anaukumbuka mpaka leo.

Msusi akatabasamu, akamkalisha mbele ya kioo. Alisuka taratibu, vizuri kuliko alivyowahi kusuka, huku roho yake ikipiga vigelegele. Alipofika katikati ya kichwa, pale pale, akaweka chanuo mezani. Akasema uzi umekwisha.

Shingo hakushtuka. Alifungua mkoba, akatoa uzi mweusi, mpya, bado umo kwenye karatasi yake.

"Ni ule niliofuata dukani," alisema kwa sauti ndogo. "Najua nimechelewa. Nisamehe, shoga yangu."

Msusi aliupokea, akaupima mkononi. Uzi mzuri, wa zamani, usiokatika ovyo. Moyo ulitaka kulainika, akaukanya. Akautia uzi mfukoni.

"Asante, shoga," alisema. "Nisubiri hapo hapo. Nakimbia dukani mara moja."

Akauchukua mtandio wa Shingo pale msumarini, akatoka nao.