Medali ya Mikono Iliyoshikana

Mwaka jana nilirudi Doha kwa kazi ya wiki moja, nikamwomba dereva anipitishe mji jirani wa Al Wakrah. Nyumba tuliyoishi haipo tena. Pamekuwa maegesho ya magari, nami nilisimama nikikisia chumba chetu cha nyuma kilikuwa wapi.

Utoto wangu, msomaji, una mlio wa kiyoyozi. Maji yake yalidondoka kwenye ndoo, na kila asubuhi niliumwagilia mrehani wa mama. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mama alikuwa mpishi wa mhandisi Mholanzi, baba dereva wake. Mhandisi ndiye aliyekuwa kafili wetu: bila sahihi yake baba asingeweza kuhamia kwa mwajiri mwingine.

Alipokaribia kurudi kwao, alimpa baba medali ya kale ya fedha. Upande mmoja mikono miwili imeshikana, ikitokea mawinguni. Upande wa pili tawi la mchungwa. Alitueleza taratibu, huku mama akiepua maandazi. Mikono ni uaminifu. Mawingu ni Mungu anayeshuhudia. Mchungwa ni ukoo wa watawala wao. Kisha akaahidi kusaini karatasi ya ruhusa kabla hajaondoka.

"Ifuate leo, baba watoto," mama alisema.

"Mtu kanipa kitu kama hiki, halafu nimdai karatasi? Si kumtukana huko?"

Mhandisi aliondoka siku mbili kabla ya tarehe aliyotutajia. Karatasi hakuiacha.

Baba alivaa shati lake la Ijumaa, akaipeleka medali, badala ya karatasi, kwenye hoteli iliyokuwa tayari kumwajiri. Nilikwenda naye. Karani, Mkenya, aliigeuza mara mbili.

"Mikono nimeiona, mzee wangu. Sahihi iko wapi?"

Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka, akiifuta medali kwa upindo wa shati. Bila kafili hatukuruhusiwa kubaki; mwezi haukuisha, tukawa tumerudi kwetu Tanga.

Kwa miaka niliamini kwamba hata maana za picha zile zilikuwa uongo. Nikajifunza mwenyewe, kwa kamusi na vitabu vya medali za Kiholanzi. Kila alichotueleza kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonichoma: alijua barabara alichokuwa akimkabidhi baba.

Baba hakumlaumu kamwe. Lakini yule baba aliyetosheka na neno la mtu alibaki Doha. Mpaka anafariki, kila nilipomwambia, "Nitakuja Jumamosi," alinisogezea kalenda na kalamu.

"Andika, mwanangu," alisema. "Na jina lako."