Theluthi ya Kurudia

Brenda binti Wilson alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima, na huku mlimani hakuna anayeliona hilo kuwa ajabu. Maji ya mlimani ni ya mfereji, na mfereji haumfiki mtu magotini. Ndiyo maana alipoanza kushuka tambarare kila Jumamosi kujifunza kuzamia, wauza ndizi wa soko la Kiboriloni hawakuacha kumtania.

"Brenda, leo umetuletea perege?"

"Wamekataa kupanda mlima," alijibu, na wao wakacheka.

Baba yake, marehemu Wilson, alikuwa akiongoza wageni mlimani, na watu walisema mgeni wa Wilson lazima afike kileleni. Brenda alikua akilisikia hilo mezani, kanisani, hata misibani. Alipotaja kuzamia, mama yake, Mama Yuditha, mwalimu mstaafu, aliuliza jambo moja tu.

"Kuna cheti?"

"Kipo, Mama."

"Basi kakimalize. Nyumba hii haina mtu aliyeacha kitu nusu."

Mwalimu wake alikuwa Ndelilio, mtu wa Old Moshi, aliyefundisha wazamiaji baharini miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Alifundishia kwenye chemchemi moja ya huko chini, penye maji maangavu kama kioo. Pango la chemchemi hiyo linaingia ndani ya mwamba, na mwisho wake kuna chumba kipana cha maji ya buluu. Brenda alikiota chumba hicho hata kabla hajakiona.

Kwanza Ndelilio alimfundisha kupumua taratibu, kisha kuvua miwani chini ya maji bila kuhangaika, kisha kufuata kamba ya pangoni kwa vidole huku amefumba macho. Kila somo lilianza kwa mazungumzo yale yale.

"Hewa ya mtungi wako ina mafungu matatu. La kwanza?"

"La kuendea."

"La pili?"

"La kurudia."

"Na la tatu?"

"Langu la akiba."

"Si lako, dada! Ni la mwenzako akipata shida. Ukiligusa umemwibia." Kisha aliinua dole gumba. "Na hili likionyeshwa, tunarudi. Hata mwanafunzi akimwonyesha mwalimu. Hakuna mjadala."

Wiki ya mtihani ilipofika, Mama Yuditha alikuwa ameshamwarifu mchungaji kwamba Jumapili familia itatoa shukrani kwa ajili ya Brenda. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Brenda aliingia pangoni na mbuzi huyo kichwani.

Walisonga kwa kamba, Brenda mbele, Ndelilio nyuma. Geji ya hewa ilipoonyesha kwamba fungu la kwanza limekwisha, Brenda aliitazama, akaiona vizuri kabisa. Lakini mbele yake mwanga wa tochi ulikuwa umeanza kugeuka buluu. Akapiga teke, akaendelea. Ndelilio alimpita ubavuni, akamwonyesha dole gumba. Brenda akaonyesha kidole mbele: pale tu. Ndipo mwalimu alipomshika mkono, akamgeuza.

Juu, Ndelilio alivua miwani.

"Uliiona geji?"

"Niliiona."

"Basi kozi imeishia hapa. Sizamii na mtu anayeona halafu anaendelea."

Nyumbani Brenda alimweleza mama yake yote, bila kujitetea. Mama Yuditha angeweza kumwambia mchungaji kwamba binti anaumwa, na hakuna ambaye angejua. Badala yake alichukua kisu, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, akakata jani la isale na kulifunga fundo. Wachagga wakikosana, mkosaji hupeleka isale, na aliyekosewa hatakiwi kuikataa. Yuditha hakuwahi kuibeba kwa ajili ya mtu yeyote.

"Mama, kosa ni langu. Nitaipeleka mwenyewe."

"Utaipeleka, na mimi nitakuwa kando yako. Nenda kavae sketi ya heshima."

Ndelilio alipowaona mlangoni aliinuka haraka. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Binti yangu ana neno."

Brenda alimpa jani kwa mikono miwili na kuomba radhi. Ndelilio alilipokea hivyo hivyo.

"Nimesamehe, na hatutalirudia. Lakini maji hayapokei isale, Brenda. Utazamia tena Ijumaa, nikuone."

Ijumaa Mama Yuditha alikuja mwenyewe, akaketi juu ya jiwe kandokando ya chemchemi, mkoba mapajani. Siku hiyo maji yalitoka pangoni kwa nguvu zaidi. Brenda alipiga mateke, akahema, na hewa ikaisha upesi kuliko mara ya kwanza. Fungu la kuendea lilikwisha akiwa bado gizani, buluu haijaonekana hata kidogo. Alishika kamba. Akaikumbuka Jumapili. Kisha akageuka nyuma na kumwinulia mwalimu wake dole gumba.

Alipoibuka, mama yake alikuwa amesimama.

"Umefika?"

"Sikufika, Mama."

Yuditha alimtazama Ndelilio, ambaye alikuwa akifungua mikanda ya mtungi huku akitabasamu.

"Amefaulu," alisema. "Cheti ni chake."

Jumapili, shukrani ikatolewa kama ilivyopangwa. Mama Yuditha alisimama mbele ya usharika, kitambaa kimekaa sawasawa kichwani, akasema binti yake amekuwa mzamiaji wa mapangoni, na kwamba siku ya mtihani aligeuka kabla ya kufika mwisho. Watu wakatazamana.

"Nyinyi mnamjua Wilson aliyefikisha wageni," akaendelea. "Mimi nilikaa naye. Aliwahi kumrudisha mgeni aliyekuwa anakiona kilele kwa macho, kwa sababu kifua chake kilikuwa kinakoroma. Alitukanwa njia nzima. Mgeni yule aliondoka hapa mzima. Hilo sikuwahi kulisema, nikidhani litampunguzia jina."

Akamwita Brenda aje asimame kando yake, nao wakatoa sadaka pamoja.